Ana Neno Juu Yako

Kuna mstari mmoja wa Mathayo ambao niliusoma vibaya kwa miaka, na kibaya zaidi, niliufundisha hivyo hivyo. Uko sura ya 5, aya ya 23 na 24: "Basi ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako."

Darasani nilikuwa nikisema: mnaona, usije mbele za Mungu na kinyongo, samehe kwanza. Watu wanaitikia amina, tunafunga kwa sala. Hakuna aliyewahi kuninyoshea kidole kwenye maneno yenyewe na kuniuliza, dada, kinyongo kiko wapi hapo?

Maana hakipo. Mstari hausemi wewe una neno juu ya ndugu yako. Unasema yeye ndiye aliye na neno juu yako. Mwenye kosa ni yule aliyesimama madhabahuni na sadaka mkononi.

Hilo nililiona siku nilipokuwa mimi ndiye niliyesimama hapo.

Nilipochaguliwa kuwa mweka hazina wa kwaya, nilipokea daftari kutoka kwa aliyenitangulia. Nitamwita kaka tu, kwa sababu jina lake nimeshaliharibu vya kutosha. Nilipopiga hesabu za mwaka wake wa mwisho, kulikuwa na fedha za majoho ambazo ziliandikwa kuwa zimetoka, lakini risiti hazikuwepo. Sikumwuliza. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, kabla sijafungua mdomo kwa mtu yeyote: nilikuwa na namba yake ya simu, nilikuwa namwona kila Jumapili, na sikumwuliza.

Badala yake nilimwambia mwalimu wa kwaya kwamba mahesabu ya kaka yana mashimo. Kisha nikamwambia dada mmoja niliyekuwa nikiomba naye. Kwa huyu sikusema kama shutuma. Nilisema, "Tumwombee kaka, kuna mambo ya fedha yanamsumbua." Tukapiga magoti, tukamwombea kweli. Nililia hata machozi. Sasa hivi nikiyakumbuka machozi yale ndiyo yanayonitia uchungu kuliko maneno niliyomwambia mwalimu, kwa sababu niliuvika umbea vazi la maombi na nikalileta jina la mtu mbele za Mungu likiwa tayari limechafuka.

Baada ya miezi kadhaa kaka aliacha kuja mazoezini, halafu akaacha kuja kanisani kabisa. Watu wakasema dhamiri imemsuta. Sikuwakanusha.

Risiti zilikuwa ndani ya jalada la rejesta ya mahudhurio. Jalada lile lilikuwa limevalishwa karatasi ngumu ya kahawia, na kati ya karatasi na jalada kaka alikuwa ameziweka kwenye bahasha ndogo, nadhani ili zisichanike. Nilizikuta nilipokuwa nabadilisha karatasi iliyochakaa. Risiti tatu zimebanwa kwa pini moja iliyoshika kutu, na kutu ile imeacha alama ya rangi ya chungwa kwenye zote tatu, mahali pamoja. Nikachukua kikokotoo, nikajumlisha mara mbili. Ilikaa sawa. Hakikupungua kitu.

Ningependa kusema nilinyanyuka saa ile ile nikaenda kwake. Sikwenda. Nilimaliza kazi ya kubadilisha jalada, nikatubu usiku ule, kwa uchungu wa kweli, nikajishika na 1 Yohana 1:9, kwamba tukiziungama dhambi zetu yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee. Nikajishika pia na Daudi katika Zaburi 51: "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako." Nikajiambia, basi, ni jambo langu na Mungu, limekwisha. Nikaishi hivyo miezi minane. Nikiimba, nikifundisha.

Lakini Zaburi ile tunaijua ilitoka wapi. Kichwa chake kinasema ni baada ya nabii Nathani kumjia Daudi kwa habari ya Bathsheba. Wakati huo Uria, mume wa Bathsheba, alikuwa ameshakufa vitani, na kwa amri ya Daudi mwenyewe. Daudi hata angetaka kwenda kumwomba Uria radhi, angekwenda wapi? Ndugu yangu mimi alikuwa hai, na nyumba yake naijua.

Kilichonivunja ni somo la darasa. Zamu yangu iliangukia Mathayo 5, na nikiwa naandaa nikatafuta mstari wa kuutia nguvu, nikaenda Marko 11:25: "Nanyi, kila msimamapo na kusali, sameheni, mkiwa na neno juu ya mtu." Nikaiweka mistari hiyo miwili ubavu kwa ubavu kwenye karatasi, na ndipo nikaona nilichokuwa nimekichanganya miaka yote.

Katika Marko, mimi ndiye mwenye neno juu ya mtu. Naambiwa nifanye nini? Nisamehe, pale pale niliposimama. Sitakiwi kutoka, sitakiwi kumngoja aje, naachilia katikati ya sala na sala inaendelea. Katika Mathayo, mtu ndiye mwenye neno juu yangu. Hapo sala inasimama. Sadaka inawekwa chini. Natakiwa kutembea. Yesu amemrahisishia safari aliyeumizwa na akamtwika safari aliyeumiza. Sisi mara nyingi tunafanya kinyume: anayeumizwa ndiye tunayemwendea na Biblia mkononi, tukimwambia apatane, asamehe, arudi, avumilie, na aliyeumiza anakaa zake nyumbani akingoja kusamehewa. Nimewahi kuwa mmoja wa waliokwenda kumsihi mama aliyepigwa na mumewe, nikamsomea mstari huu huu wa madhabahu. Nilimsomea mtu asiyehusika. Mstari ule ulikuwa wa mume. Naye mama yule alikuwa na haki ya kubaki mahali salama, na mimi nilikuwa na wajibu wa kumlinda kabla ya kumhubiria chochote. Hilo nalo limo kwenye orodha yangu ya watu ninaopaswa kuwaendea, na nitaliandika siku nyingine likiwa limekomaa moyoni.

Kuna jambo la umbali ambalo pia lilinigusa. Yesu aliyasema haya Galilaya. Madhabahu ya sadaka ilikuwa Yerusalemu, hekaluni, zaidi ya kilomita 100 kutoka pale. Kwa miguu ni mwendo wa siku kadhaa. Msikilizaji wake wa kwanza hakuwaza kuinuka kwenye benchi na kumfuata jirani aliyeketi mstari wa nyuma. Aliwaza mnyama aliyemtoa nyumbani kwa gharama, safari ndefu, msongamano wa watu uani, amekaribia kuhani, halafu akumbuke. Amwache mnyama pale, arudi Galilaya, apatane, kisha apande tena Yerusalemu. Ni agizo gumu hata kulifikiria, na naamini waliomsikia waliuona ugumu wake usoni mwa kila mmoja.

Tena agizo hilo halikuanza na Yesu. Lina mizizi kwenye Torati, Walawi 6, aya ya 1 hadi ya 7. Pale anatajwa mtu aliyemdanganya mwenzake kwa amana aliyoachiwa, au aliyenyang'anya, au aliyeokota kilichopotea akakana. Kwanza kabisa sheria inaliita kosa hilo uasi juu ya BWANA, ingawa aliyedhulumiwa ni jirani. Kwa hiyo ile njia yangu ya kutenganisha "langu na Mungu" na "langu na kaka" ilikuwa imefungwa tangu zamani. Kisha inaagiza arudishe kitu kile kwa ukamilifu, aongeze sehemu ya tano juu yake, ampe mwenyewe. Ndipo kondoo dume aletwe kwa kuhani. Hesabu 5:7 inaongeza kwamba aungame kosa lake. Zakayo naye, yule mtoza ushuru, katika Luka 19, alipoguswa na neema hakusema atajirekebisha. Alisema atarudisha mara nne.

Wakristo wa mwanzo walilichukulia jambo hili kwa uzito. Didake, mwongozo wa kale sana wa kanisa, katika sura ya 14 unaagiza aliye na ugomvi na mwenzake asijiunge na kusanyiko la kuumega mkate mpaka wapatane.

Hekalu lilibomolewa mwaka 70. Mimi sina madhabahu wala kondoo. Lakini nilijua sadaka yangu ni nini: ni lile darasa. Nikamwandikia anayesimamia madarasa kwamba sitafundisha mpaka nimalize jambo fulani. Akaniambia nisijali, niendelee tu, Mungu anaangalia moyo. Nikamwambia moyo ndio huo unaoniagiza niiache.

Nilikwenda kwa kaka siku ya kazi jioni. Alinifungulia mlango mwenyewe, na mkewe akatoka kidogo akatuacha. Nikamkabidhi bahasha. Aliitambua kabla hajaifungua. Akaitoa ile pini kwa ukucha, akazitandaza risiti tatu juu ya goti, akazinyoosha kwa kiganja moja moja, kama mtu anayenyoosha shati. Nikamwambia nilichosema, kwa maneno yale yale niliyoyasema, na kwa nani. Sikuweka "kama nilikukwaza". Nilisema nilikusingizia.

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Uliwaambia wangapi?"

Nikasema wawili.

"Na wao?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia, bila kupandisha sauti, "Dada, umekuja kuniambia mimi kwamba mimi si mwizi. Mimi nilikuwa najua."

Nimeitafakari sentensi ile kuliko hubiri lolote nililowahi kusikia. Nilikuwa nimekwenda kwa mtu mmoja ambaye hakuhitaji kuambiwa. Kitu nilichomwibia hakikuwa nyumbani kwake. Jina lake zuri lilikuwa vichwani mwa watu wengine, na huko ndiko lilikotakiwa kurudishwa. Walawi inasema arudishe kile alichotwaa. Mimi nilikuwa nimerudisha bahasha.

Kwa hiyo nikaanza kuwafuata. Mwalimu wa kwaya aliinama akasema hata yeye aliwahi kulisema kwa wengine wawili, akanipa majina. Nikiwaendea hao, mmoja ananitajia mwingine. Niliandika ukurasa wa nyuma wa daftari langu, wakafika tisa. Kila niliyemfikia nilimwonyesha picha ya risiti, kwa ruhusa ya kaka, na nikamwambia aliyesema uongo ni mimi. Wengine walitaka kunifariji haraka, "aa, hata sisi hatukuamini." Nilijifunza kuwaomba wasinifariji kwanza, wanisikilize mpaka mwisho.

Halafu ile sehemu ya tano. Mtu anaongezaje sehemu ya tano juu ya jina? Niliomba juu ya hilo, na jibu lililonijia ni kwamba nisiishie kwa wale tu waliosikia uongo, bali niende na kwa wasiousikia. Nikaomba dakika tano mwanzoni mwa mazoezi, nikasimama mbele ya kwaya nzima, wakiwemo vijana waliojiunga baada ya kaka kuondoka na wasiomjua. Nikasema huyu alitunza fedha zetu kwa uaminifu, akatunza hata karatasi zake kuliko nilivyozitunza mimi, na mimi nilimsingizia. Magoti yalikuwa yananitetemeka. Kijana mmoja wa sauti ya nne akauliza kama kaka anaweza kurudi. Nikamwambia mlango ni wake, uamuzi ni wake.

Hajarudi. Anasali kanisa jingine, na niliposikia hivyo nilitaka kumwandikia nimsihi, nikajizuia. Kumtaka arudi ili nami nijisikie nimemaliza ingekuwa ni kumtwika safari nyingine ambayo ni yangu. Tulipokutana mara ya mwisho alinisalimia vizuri, akaniulizia watoto. Kama amenisamehe hajaniambia, nami sijamwuliza. Hiyo ni ya Marko 11, ni kati yake na Baba yake mahali anaposali.

Katika wale tisa nimewafikia wanane. Wa tisa ni yule dada niliyeomba naye. Alihama, na namba niliyokuwa nayo haipatikani tena. Yeye ndiye niliyempelekea uongo ukiwa umefungwa ndani ya sala, na nina hakika hadi leo akimtaja kaka mbele za Mungu anamtaja kama nilivyomfundisha mimi. Darasa bado nimeliacha. Jana binti yake amenielekeza anapoishi sasa, ni safari ya siku nzima kwa basi. Naondoka Jumamosi alfajiri.