Intaneti iliyokatika kwa kufuata maji ya bahari: jinsi nilivyotatua

Huduma ilikuwa ya antena ya paani, mnara ukiwa ng'ambo ya ghuba. Niliunganisha kompyuta kwa kebo, si Wi-Fi, nikatuma pakiti (vijisehemu vya data) 100 kwa amri ya ping, inayopima kama zinarudi, hadi kwenye rauta, kisha 100 hadi 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Za rauta zilirudi zote. Za nje zilipotea. Basi tatizo halikuwa ndani ya nyumba.

Muda wa kukatika ulisogea mbele takriban dakika 50 kila siku, sawasawa na maji kujaa na kupwa. Uso wa bahari huakisi mawimbi ya redio. Kina kikibadilika, wimbi lililoakisiwa linaweza kufika likipingana na lile la moja kwa moja na kulififisha. Kununua kifurushi kikubwa zaidi hakusaidii hapo, hata kidogo.

Nilihamia faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga: haina wimbi la kuakisiwa, na kioo hakishiki kutu ya chumvi. Pasipo na faiba, chagua mtoa huduma mwenye mnara upande wa bara, uzibe viungio vya nje kwa utepe wa mpira usiopitisha maji. Kabla ya kusaini mkataba, omba kupima saa 2 hadi saa 4 usiku, watumiaji wanapokuwa wengi.