Kuzalisha kuku kidimu bila kuwatesa

Katika mapambo yote ya manyoya ambayo kuku hurithi, hakuna linalonivutia kama la kidimu, ambaye manyoya yake hujikunja kuelekea nje badala ya kulala juu ya mwili. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba chanzo chake ni badiliko katika jeni ya keratini (protini inayojenga manyoya) iitwayo KRT75, ambalo hudhoofisha uti wa unyoya hata ukapinda.

Kuku aliyelirithi badiliko hilo kwa mzazi mmoja hupata mkunjo mzuri, ilhali aliyelipata kwa wazazi wote wawili huwa na manyoya membamba yanayokatika ovyo, ngozi ikabaki wazi, joto la mwili likampotea na moyo ukalazimika kufanya kazi kupita kiasi. Ukimpandisha jogoo kidimu kwa tetea kidimu, kwa wastani robo ya vifaranga watakuwa katika hali hiyo. Naona huo ni ukatili usio na sababu, kwa kuwa kidimu akipandishwa na kuku wa manyoya ya kawaida, takriban nusu ya vifaranga huwa vidimu, na wote huepuka mateso hayo.

Kifaranga kidimu huanguliwa akifanana na wenzake. Manyoya ya bawa yanapochipua ndipo ncha zake huonekana zikigeuka juu. Mimi humshika kwenye mwanga na kulitandaza bawa polepole. Mwenzi wa kumpandisha nampenda awe na manyoya mapana, na asili yake niijue vyema, kwani ipo jeni nyingine fichifu, yaani isiyojitokeza mpaka irithiwe kwa wazazi wote wawili, inayopunguza mkunjo, hata kidimu akaonekana kama kuku wa kawaida.