Molo imekuwa Ulaya, na mimi nina sweta ya kumaliza

Baridi ya Molo haina adabu. Watu wa Nakuru mjini kukiwa na kimvua kidogo mwezi wa saba utawaona na majaketi mawili mawili wakilia, na sisi huku juu karibu mita 2,500 tunawaangalia tu, juu hiyo baridi yao kwetu ni ya saa sita mchana jua likiwaka. Jana nimeamka saa kumi na robo, nimepiga maji usoni (maji ya drumu ya nje, usiniulize kwa nini), nikavaa gambuti na mavin ya kichwa na sweta mbili, moja nimejifumia mwenyewe, tutafika hapo.

Kwa wale hawajui, mimi ni karani wa maziwa. Ile kazi ya kusimama kando ya barabara saa kumi na moja na nusu asubuhi na tochi kwa kichwa, kitabu kwapani, laktomita (kile kipimo cha kuonyesha kama maziwa yametiwa maji) mkononi, na foleni ya watu wamejifunika leso na blanketi wakishika mitungi. Napima, naandika lita, namwaga kwa mtungi mkubwa, anayefuata. Kwa glavu huwezi, laktomita ni glasi na ikiteleza ni wewe unalipa, kwa hivyo vidole vinabaki nje na ikifika saa moja havijui tena kama ni vyako.

Sasa kuna kitu ya baridi watu wengi hawajui, hata makarani wengine. Laktomita yetu imetengenezwa kusoma maziwa yakiwa nyuzi 20 za joto. Yakiwa baridi kuliko hapo yanakuwa mazito kidogo, so inasoma juu, na sheria ni utoe 0.2 kwa kila nyuzi moja chini ya 20. Maziwa ya kukamuliwa sasa hivi hayana hiyo shida, hayo yanakuja bado na joto la ng'ombe. Shida ni yale ya jana jioni yamelala nje kwa beseni ya maji. Jana mzee mmoja ameleta lita tano, nimepima nikapata 27, na kwetu tunataka kati ya 26 na 32, mtu mwingine angeandika amalize. Nikatoa thamomita, nyuzi 11. Toa 1.8, unabaki na 25 na kitu. Nikamrudishia mtungi wake.

"Kijana wangu, sasa unasema ng'ombe yangu inakunywa maji mingi?"

"Mzee, ng'ombe ikunywe tu hata kisima. Shida ni maziwa ndiyo yamekunywa."

Foleni ilicheka mpaka mama mmoja akamwagikiwa. Mzee naye akacheka, akabeba mtungi wake akaenda, na najua kesho atakuja na 29 safi kabisa kama mtu hajawahi kutenda dhambi. Hatugombani. Huyo mzee ndiye alinionyesha hii njia ya kufunga kamba ya mtungi kwa pikapu isifunguke kwa mashimo.

Asubuhi iliisha hivyo, nikakula viazi na chai, nikalala kidogo kwa benchi ya stoo. Halafu saa nane hivi mbingu ikabadilika rangi ikawa kama chuma. Ndege wakanyamaza. Kuna jamaa wa boda alikuwa amesimama hapo na abiria akamwambia abiria shuka, mimi siendi mahali. Huyo ana akili.

Ilianza na moja moja, tak, tak, kwa mabati, ukidhani ni watoto wanarusha kokoto. Kisha ikamwagika yote. Wenye hawajawahi kuwa ndani ya nyumba ya mabati mvua ya mawe ikinyesha sijui niwaambieje, hausikii hata mawazo yako, tulikuwa watu saba kwa stoo tunaangaliana tu midomo ikienda. Dakika ishirini hivi. Ilipoacha tukafungua mlango na barabara yote ilikuwa nyeupe, shamba nyeupe, ua wa misipresi chini nyeupe, na mvuke unapanda kutoka chini kama nchi imewekwa kwa friji. Watoto wa shule walikuwa tayari wako nje na sufuria na makarai wakipiga kelele theluji! theluji! na kijana mmoja anajirekodi na simu akisema karibuni Ulaya.

Si theluji, najua mtanirekebisha. Theluji ya kweli huku kwetu ni ya Mlima Kenya, kule mita 5,199. Hii ni mawe ya barafu. Hewa yenye unyevu inatoka upande wa Ziwa Viktoria, inakutana na hii milima ya Nandi na Kericho na Mau, inapanda juu mbio mchana jua likishachoma, matone yanafika kule juu yanaganda, upepo unayarusha tena yanavalishwa barafu ingine juu, mpaka yanakuwa mazito upepo unashindwa kuyabeba. Na kwa sababu sisi tuko juu hivi hayana safari ndefu ya kuyeyuka yakishuka. Ndio maana watu wa majani chai wa Kericho na Nandi Hills wanajua mawe kuliko mtu yeyote. Na mnakumbuka ile ya Septemba 2008 kule Busara, upande wa Nyahururu? Kilima kizima kilikuwa cheupe, Kenya nzima ikasema theluji imetufikia, wataalamu wa hali ya hewa wakaja wakaeleza ni vipande vya barafu vimeshikana. Watu hawakutaka kusikia. Hata mimi singetaka.

Na nitasema ukweli, mimi pia nilitoka nikakanyaga kanyaga na gambuti nikisikia ile kruch kruch, nikafurahi kama mtoto. Mpaka nilipoona mama yule wa kumwagikiwa asubuhi amesimama kwa ukuta wa shamba lake la waru, yaani viazi. Haongei. Zile waru zilikuwa zimeanza kutoa maua, na sasa zilikuwa vijiti tu, majani yamechanwa chanwa yakalazwa kwa matope na juu yake barafu inang'aa vizuri kabisa. Nikaacha kukanyaga. Nikamwambia pole mama, akasema ni ya Mungu, chini zingine zitatoka, ndogo ndogo. Kiazi kikipoteza majani wakati kama huo hakina cha kujilisha nacho, yeye anajua hiyo kunishinda. Jioni alileta lita mbili badala ya nne. Ng'ombe walitetemeka wakakataa kuachilia maziwa, karibu kila mtu alileta nusu, na pikapu ikateleza ikaingia mtaro tukaisukuma wanaume nane, nikafika nyumbani saa mbili usiku nikiwa matope mpaka kwa magoti.

Sasa nyumbani. Hii ndiyo sehemu napenda.

Mama watoto alikuwa amewasha jiko nje mpaka makaa yakawa mekundu ndio akaingiza, na dirisha tunaacha wazi kiasi hata kama baridi inaingia, juu makaa na nyumba imefungwa kabisa yameua watu wengi, tafadhali msicheze na hiyo. Githeri ya kukaangwa, uji wa wimbi wa ndimu, soksi kavu. Halafu nikatoa mfuko wangu wa nyuzi.

Ndio, mimi ni mwanaume na nafuma. Kwa stoo wananiita shosho, yaani nyanya. Shosho mwenyewe ndiye alinifunza nikiwa darasa la tano nimevunjika mguu, wiki sita sina mahali pa kwenda, akanipa sindano mbili za waya wa spoku ya baiskeli alizozinoa kwa jiwe. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Alikuwa anasema mtu anayejua kuhesabu mishono hawezi kuibiwa kwa duka, na mkiniona na hiyo laktomita asubuhi mjue ni yeye anahesabu. Siku hizi niko na sindano za kweli, namba 10 ya ile mipindo ya chini na namba 8 ya mwili. (Hizo namba za zamani zinaenda kinyume, 10 ni nyembamba kuliko 8. Imenichanganya miaka.)

Nafuma sweta ya msichana wangu, ana miaka sita. Uzi ni wa sufu ya kondoo wa huku huku, Corriedale, jirani anasokota na mkono, unanuka kondoo kidogo na unawasha shingo mpaka uoshwe mara tatu. Naupenda kuliko ule wa dukani wa rangi kali kali. Ule wa dukani ni plastiki tu, cheche ya makaa ikiruka unayeyuka unabaki tundu, sufu inaungua pole pole na kunuka nywele na unaizima na kidole.

Nilikuwa nimefika kwapani. Nikahesabu, mishono 71. Inafaa kuwa 72. Nikahesabu tena na tena, nikarudi chini na kidole nikaupata, umedondoka mistari kumi na nne nyuma, siku ile nilikuwa nafuma nikisikiza mpira kwa redio. Mama watoto akasema ongeza moja hapo juu nani ataona. Nikamwangalia. Asubuhi yote nimerudisha maziwa ya mzee wa watu kwa sababu ya pointi, halafu usiku niongeze mshono wa uongo? Nikafumua mistari kumi na nne yote. Stima nayo ikapotea hapo hapo, kawaida mvua ikinyesha, nikaendelea gizani na mwanga wa jiko, vidole sasa vimepata joto vinajua njia.

Msichana alikuwa bado macho. Akaniletea jagi, alikuwa ameijaza barafu mchana akaificha chini ya kitanda akingoja nimletee friji, na sasa yote ilikuwa maji na nyasi mbili zinaelea. Macho yamejaa machozi. Laktomita ilikuwa kwa mfuko wa jaketi, nikaitumbukiza kwa jagi tukainama pamoja na tochi ya simu. Ikazama mpaka kwa sifuri.

"Imepita?" akaniuliza.

Nikatoa kitabu nikamwandikia lita mbili.