Safari ya Iringa kwa Ajili ya Mwaka Mmoja

Nilipanda basi Mbeya alfajiri ya Jumatano nikiwa nimepakata bahasha ya kaki, na ndani yake mlikuwa na prufu, yaani nakala ya kusahihishia kabla ya kuchapa, ya kitabu cha kurasa 64 kilichotuhangaisha kwa karibu miaka miwili. Nusu ya kwanza ya kitabu hicho ni historia ya kijiji tulichozaliwa, huko Mufindi, na ya Uhehe kwa jumla. Nusu ya pili ni mashairi ya wazee wetu, mengi yakiwa hayajawahi kuandikwa popote isipokuwa katika madaftari ya shule yaliyolika kingo. Mauzo yake yataendesha makumbusho ya kijiji, ambayo kwa kweli ni chumba kimoja kilichokuwa ghala la chama cha ushirika, na humo tumekusanya mikuki, vigoda, mitungi, vinu na majembe ya mhunzi wa zamani. Bati za chumba hicho zinavuja, na kiingilio tunachotoza hakitoshi hata misumari.

Huko nyuma tuliwahi kutoa kijitabu chembamba cha kubana kwa pini, na humo tukaandika, kwa kalamu yangu mwenyewe, kwamba Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alifariki mwaka 1896. Mwanafunzi mmoja wa sekondari aliyekuja na wenzake kutazama mikuki alikisoma, akanyoosha mkono na kusema mbele ya wageni wote kwamba ni 1898. Tangu siku ile sikubali tarehe yoyote iende kwa mchapaji kabla sijaifuata hadi mwisho wake, na ndiyo sababu, nilipoisoma prufu na kukutana na mwaka mmoja ulionitia shaka katika shairi la vita ya Lugalo, niliona ni heri nifunge safari hadi Iringa, aliko mchapaji, kuliko kupiga simu.

Uyole, Igurusi, Chimala na Igawa zilipita nikiwa nasinzia. Makambako, pale barabara ya Njombe inapochepuka, tulisimama kwa muda wa kununua mahindi ya kuchoma, kisha tukaendelea hadi Mafinga, ambako misonobari ya Sao Hill imejipanga pande zote mbili kama watu walio kwenye gwaride. Hapo akapanda mtunzi wa shairi lenyewe, mzee wa umri wa baba yangu, amevaa koti zito na kofia ya sufu, mkononi ana kidumu cha ulanzi, pombe ya mianzi, alichokataa katakata kumpa utingo akiweke kwenye buti.

"Kamwene, mzee," nikamwamkia.

"Kamwene, mwalimu. Wamesema shairi langu lina ugonjwa?"

Nikamfungulia ukurasa wa 41. Ubeti wenyewe ulisomeka hivi:

Nyundo alipoingia, na bunduki zake kali,
Wahehe wakavizia, nyasini kila mahali,
Lugalo palipolia, mwaka tisini na mbili,
Wajukuu twapokea, habari za babu zetu.

Nyundo ndilo jina ambalo watu wa pwani walimpa Emil von Zelewski, kamanda wa Kijerumani aliyeuawa Lugalo pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake. Nilimweleza mzee kwamba, kwa kadiri nilivyosoma, vita hiyo ilipiganwa tarehe 17 Agosti 1891, na nikaongeza kwa wepesi wa mtu asiyetunga kwamba dawa ni ndogo tu, tufute "mbili" tuweke "moja", kwa kuwa mizani haibadiliki. Mzee alinitazama kama mtu anayetazama mtoto akishika kisu kwa upande wa makali. Akahesabu kwa vidole juu ya mfuniko wa kidumu: mwa-ka-ti-si-ni-na-mo-ja, nane, sawasawa. "Mizani umeponyesha," akasema, "lakini vina umeviua. Kali, mahali, halafu moja? Nani atakubali kukariri hiyo?"

Nakiri kwamba hilo sikuwa nimelifikiria. Katika nathari, kosa la mwaka husahihishwa kwa kufuta tarakimu moja na kuandika nyingine, wala sentensi jirani haitikisiki. Katika shairi la mistari minne lenye mizani kumi na sita kila mstari, mwaka ukikaa mwishoni mwa utao, yaani nusu ya pili ya mstari, umefungwa kamba na mistari yote iliyoutangulia, na ukiung'oa, ubeti mzima unakuja nao. Nadhani ndiyo maana makosa ya tarehe huishi muda mrefu zaidi katika mashairi kuliko katika masimulizi: yanashikiliwa na vina. Wapo waliozimudu kazi zote mbili, kama Mathias Mnyampala wa Ugogo aliyeandika historia ya watu wake na bado akahesabiwa miongoni mwa washairi wakubwa wa Kiswahili, lakini sisi wa kijijini tumegawana, mwalimu ana tarehe na mzee ana vina, na kitabu kimoja lazima kituchukue sote wawili.

Mzee hata hivyo hakuwa tayari kuubomoa ubeti wake kwa neno langu peke yangu. Tulishuka Iringa, tukapanda kutoka Ipogolo hadi mjini juu kwa daladala, na tukaenda moja kwa moja Iringa Boma, jengo la kale la Wajerumani ambalo kwa miaka mingi lilikuwa la ofisi za serikali na sasa ni makumbusho ya mkoa. Mhifadhi aliyetupokea alitupa mwaka uleule, 1891, bila kutazama popote. Mzee akauliza kama si 1892, mhifadhi akasema, kwa adabu, "Hapana, babu, ni tisini na moja." Mzee akavua kofia, akaikunja, akaitia mfukoni, na nilijua kwamba ubeti umeshaanza kuvunjwa kichwani mwake.

Kwa kuwa siku ilikuwa bado changa, tulikodi bajaji hadi Kalenga, umbali wa kilomita kama 15 kwa njia inayokwenda Hifadhi ya Ruaha. Kalenga ndiyo iliyokuwa ngome ya Mkwawa, iliyozungukwa na ukuta, kabla Wajerumani hawajaipiga kwa mizinga na kuiteka tarehe 30 Oktoba 1894. Yeye aliponyoka akapigana porini miaka minne mingine, hadi alipojiua kwa risasi Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 ili asishikwe hai. Makumbusho ya pale ni nyumba ndogo tu, na jambo hilo lilinipa moyo kuliko nilivyotarajia, kwa sababu nilikuwa nikiona haya kwa chumba chetu kimoja.

Ndani, katika kasha la kioo, limo fuvu. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Mkwawa kwa Waingereza katika muda wa miezi sita; miezi sita hiyo ikawa zaidi ya miaka thelathini, hadi Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipolichagua kati ya mafuvu yaliyohifadhiwa Bremen na kulirejesha Kalenga tarehe 19 Juni 1954, mbele ya mjukuu wa marehemu, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu. Mzee hakusema neno. Alikuwa akitikisa vidole vya mkono wa kushoto, kidole gumba kikigusa kimoja baada ya kingine, nane na nane.

Usiku ule, katika nyumba ya wageni iliyokuwa na taa hafifu, alinigongea mlango akiwa na karatasi ya risiti ya bajaji iliyoandikwa nyuma:

Nyundo alipoingia, hakujua wamngoja,
Wahehe wakavizia, wakatoka kwa pamoja,
Lugalo palipolia, mwaka tisini na moja,
Wajukuu twapokea, habari za babu zetu.

Bunduki kali zimetoweka, na kwa maoni yangu hasara haipo, kwa sababu ubeti wa kwanza ulimsifu Nyundo kwa silaha zake ilhali huu unamwacha aingie mtegoni bila kujua. Lakini mzee hakuishia hapo. Fuvu lilikuwa limemwingia, na nyuma ya risiti nyingine alikuwa ameshatunga beti sita mpya za Kalenga, akitaka ziingie kitabuni.

Asubuhi mchapaji alitusikiliza, akapekua prufu, akatikisa kichwa. Kitabu chetu hukunjwa kwa vifungu vya kurasa 16, vifungu vinne ndivyo vinavyotimiza 64. Beti sita zingehitaji ukurasa wa ziada, na ukurasa mmoja wa ziada maana yake ni kununua kifungu kizima au kuacha kurasa tupu mwishoni, jambo ambalo mifuko yetu haiwezi. Namba ya ISBN tuliyopewa na Bodi ya Huduma za Maktaba ilikwisha kuwekwa nyuma ya jalada, bati zinasubiri, na mvua haisubiri mtu. Tukapekua pamoja ukurasa kwa ukurasa tukitafuta pa kupunguza. Historia ya ushirika, mzee alikataa isiguswe. Picha ya kinu, mchapaji alisema ndiyo inayouza kitabu.

Ilibaki dibaji yangu ya kurasa mbili, ambayo nilikuwa nimeiandika kwa majuma matatu na kuipenda sana. Mzee alinitazama bila kusema kitu, akamsukumia mchapaji risiti zake mbili. Nikaomba kalamu nyekundu, nikakata kuanzia aya ya pili hadi saini, na nafasi iliyopatikana ikawatosha Nyundo, fuvu na wajukuu wote.