Kianzio cha safari ya nyumbani kilipe kwa kadi ya mkopo

Ikifika Februari au Machi, sisi watu wa Mwanza tulioko Uingereza tunaanza kuhangaikia Desemba. Makundi ya WhatsApp yanachangamka: nani anashuka, nani ana harusi, nani anawapeleka watoto wakamwone bibi kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo kampuni na mawakala wanapoanza kudai kianzio. Toa mia na hamsini sasa, nyingine utamalizia kiangazi. Miezi yote hiyo hela yako inakaa kwa mtu ambaye hujui ana madeni kiasi gani wala anadaiwa na nani. Nimewaona ndugu zangu wakipoteza hela katika miezi hiyo, na inaniuma kwa sababu kinga ilikuwepo, tena ya sheria, ila wengi wetu hakuna aliyewahi kutuambia.

Nieleze yaliyotokea. Kuna kampuni ndogo huku Midlands, jina silitaji, iliyokuwa ikiwauzia Watanzania pakeji ya nyumbani: hoteli Mwanza mjini, gari la kuingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, kulala hifadhini, halafu boti ya kwenda Ukerewe. Tiketi ya ndege kila mtu alijikatia mwenyewe. Kwa sisi wa kanda ya ziwa pakeji ile ilikuwa na akili sana. Ndabaka iko kwenye barabara ya Musoma, ukitoka mjini alfajiri, asubuhi hiyohiyo uko ndani ya hifadhi, bila habari ya kuzungukia Arusha. Bei ilikuwa pauni 780 kwa mtu mzima, kianzio 150.

Tulijiandikisha familia kadhaa. Shemeji yangu wa Coventry alihamisha hela yote benki kwa benki, maana wakala alimpunguzia pauni 40 asipotumia kadi. Mimi kianzio nilikilipa kwa kadi ya mkopo, na salio nikalihamisha benki kama wengine. Agosti ikaingia barua pepe ya mfilisi. Kampuni imefungwa, safari hazipo, mwenye dai ajaze fomu.

Wengi walijaza ile fomu wakiamini ndiyo njia ya kurudishiwa. Naomba tuelewane hapa. Kampuni ikifilisika, mali yake inagawanywa kwa foleni. Gharama za ufilisi zina nafasi yake, benki iliyokopesha kwa dhamana ina yake, wafanyakazi wana sehemu yao, kodi ina yake. Mteja aliyelipia safari ambayo haijafanyika ni mdai asiye na dhamana, yuko karibu na mkia wa foleni. Kampuni ya namna ile, yenye meza mbili na kompyuta za kukodi, foleni haifiki huko nyuma. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2018 kuhusu pakeji za safari inamtaka muuzaji akinge hela za wateja kwa bima, dhamana au akaunti ya amana. Yule hakuwa na hata kimoja.

Mimi sikumsubiri mfilisi, niliiandikia benki iliyonipa kadi. Jibu la kwanza lilikuwa la kukatisha tamaa: watanirudishia pauni 150, kwa kuwa hizo ndizo zilizopita kwenye kadi. Mtu mwingine angeshukuru na kuishia hapo, nami nisingemlaumu, barua imeandikwa kwa upole na uhakika kana kwamba mambo yamekwisha. Niliwajibu kwa aya fupi. Nikasema sidai chajibeki, yaani ule utaratibu wa kampuni za kadi wa kurudisha malipo. Ninadai chini ya kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo kwa walaji ya mwaka 1974, ambacho benki zenyewe hukiita Section 75, na dai langu ni bei yote ya mkataba. Nikaambatisha mkataba, risiti ya kianzio, stetimenti zinazoonyesha salio lilivyohamishwa, na barua ya mfilisi. Baada ya wiki chache hela yote ikaingia, pamoja na zile ambazo hazikugusa kadi kabisa.

Hapo ndipo penye uzito wote, kwa hiyo nirudie taratibu. Kama kitu unachonunua kina bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000, na sehemu yoyote ya bei hiyo umeilipa kwa kadi ya mkopo, benki iliyotoa kadi inawajibika pamoja na muuzaji. Sehemu yoyote, hata iwe pauni moja. Muuzaji akifa kibiashara, unaidai benki kile ambacho ungemdai yeye, yaani bei nzima, na pengine hata hasara nyingine zilizotokana na kuvunjika kwa mkataba.

Desemba tulishuka hivyohivyo, safari tukaipanga wenyewe. Jioni moja tulikuwa kwa mjomba, Kirumba. Mjomba anauza dagaa pale mwaloni tangu sisi wadogo, magunia yake yanakwenda mpaka Kongo. Alikuwa amesikia habari ya hela zangu kurudi, na ilikuwa imemkaa kichwani.

"Mpwa wangu, hebu nieleweshe. Hela ulimpa mwenye kampuni. Mwenye kampuni kaanguka. Benki inakulipa kwa lipi? Wazungu wamekuwa na huruma?"

"Si huruma, mjomba. Nikipitisha kadi ile kwa muuzaji, mabenki yanakata asilimia yao kwenye hela yake. Na ni mabenki yaliyomkubali apokee kadi. Sheria ikasema, kama mnakula naye faida, basi na hasara mtabeba naye."

Akafikiri kidogo. "Kumbe ni dalali. Hapa mwaloni dalali akikuletea mnunuzi na akachukua chake, mnunuzi akitoroka na mzigo, sisi tunamshika dalali."

"Ndiyo hivyo, mjomba. Ila huyu wa kwetu ameandikwa kwenye sheria, hawezi kusema simjui."

"Na sisi tuliotuma kwa simu?"

Yeye na mama mkubwa walitaka kuungana nasi Serengeti, wakamtumia shemeji michango yao kwa simu, naye akaipeleka kwa wakala. Sikuwa na jibu la kumfurahisha. Hela ya simu ukishaituma imekwenda. Mitandao ina njia ya kurudisha muamala uliokosewa namba, lakini muuzaji aliyefilisika si namba iliyokosewa. Mama mkubwa alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele, hakusema neno. Ilikuwa hela yake ya kikoba.

Nawaandikia nikiwa namfikiria yeye, kwa sababu michango ya nyumbani inapita mikononi mwetu. Ndugu wa Igoma au Sengerema hana namna ya kuijua sheria ya London. Aliyeko huku na mwenye kadi ndiye anayeweza kumkinga, akijua masharti. Na masharti yapo, tena baadhi yanatugusa sisi kuliko wengine.

La kwanza ni kuazimana kadi. Tumezoea: mimi sina kadi, rafiki anayo, analipa yeye, namrudishia keshi. Kifungu cha 75 kinataka mwenye kadi awe ndiye mwenye mkataba na muuzaji. Rafiki akilipia safari yenye jina lako peke yako, mnyororo wa mwenye kadi, benki na muuzaji umekatika, na benki ina haki ya kukataa. Hata mke anayetumia kadi ya ziada kwenye akaunti ya mume anaweza kukwama kama safari ni yake mwenyewe na mume hamo. Hivyo fomu ijazwe kwa jina la mwenye kadi, hata kama wanaosafiri ni kumi.

Mnyororo unakatika pia hela ikipitia kwa mtu wa kati. Wakala anayesema "nitumie kwenye akaunti yangu nami nitawalipa wao" amekuondoa kwenye kinga. Ukilipa kupitia PayPal pia huenda benki ikadai kuwa uliyemlipa ni mwingine. Na ukikata tiketi kwa wakala halafu shirika la ndege ndilo likaanguka, benki inaweza kusema wakala alimaliza kazi yake siku alipokupa tiketi. Ukiweza, mlipe mwenye huduma moja kwa moja.

Kuhusu kiwango cha pauni 100, kinahesabiwa kwa kitu kimoja. Familia ya watu watano ikikata tiketi za ndani, kila moja pauni 80, jumla ni 400, lakini hakuna tiketi hata moja iliyozidi mia.

Habari njema ambayo wengi hawaijui: muuzaji si lazima awe Uingereza. Mahakama ya juu ya nchi hiyo wakati huo, yaani Mabwana wa Bunge la juu (House of Lords), iliamua mwaka 2007 kuwa kifungu hiki kinafika hata ununuzi wa nje. Maana yake hoteli ya Capri Point au kampuni ya magari ya Mwanza ukiilipa moja kwa moja kwa kadi ya mkopo ya Uingereza, kinga ni ileile. Wengine kule nyumbani wanaongeza asilimia kidogo ukilipa kwa kadi. Kwa safari ya mamilioni ya shilingi, mimi naitoa bila kunung'unika.

Wapo wanaosema kampuni kubwa hazianguki. Thomas Cook ilikuwa na umri wa miaka 178 ilipoanguka tarehe 23 Septemba 2019, na serikali ya Uingereza ikalazimika kuwarudisha nyumbani watu wapatao 150,000. Miaka miwili kabla yake, Oktoba 2017, lilianguka shirika la ndege la Monarch. Waliokuwa na pakeji zenye ndege walikingwa na ATOL, mpango wa kinga unaosimamiwa na mamlaka ya anga ya Uingereza, na kila anayenunua pakeji ya namna hiyo lazima apewe cheti chake siku anapolipa. Dai cheti hicho. Lakini ATOL haimlindi aliyekata tiketi tupu moja kwa moja kwa shirika la ndege, na wengi wetu ndivyo tunavyokata.

Na Mwanza tuna kumbukumbu yetu. Fastjet ilipoanza kuruka Dar hadi Mwanza mwishoni mwa 2012, watu ambao hawajawahi kuota ndege walipanda. Nauli ilikuwa ya chini na ilipatikana kwa kuwahi kulipa, yaani hela mbele, safari baadaye. Desemba 2018, watu wakijiandaa kwa Krismasi, safari zikasimama. Aliyekuwa na tiketi mkononi alianza kuhangaikia marejesho na nauli ya basi kwa wakati mmoja.

Wapo ndugu zangu Waislamu wasioshika kadi ya mkopo kwa sababu ya riba, na msimamo wao nauheshimu. Kwao kuna chajibeki kwa kadi ya kawaida ya benki. Ni kanuni ya Visa na Mastercard, haijatungwa na bunge, inarudisha kile tu kilichopita kwenye kadi, na dirisha lake kwa kawaida ni siku 120. Ni ndogo kuliko kifungu cha 75 lakini inazidi mbali uhamisho wa benki. Kwa mwenye kadi ya mkopo anayeogopa deni, weka malipo ya moja kwa moja yalipe deni lote kila mwezi, na manunuzi hayatakuwa na riba. Usitolee keshi kwenye mashine kwa kadi hiyo, hapo riba inaanza siku ileile.

Walioko Marekani mna sheria yenu, nayo pia ya mwaka 1974, ila inataka upinge malipo kwa maandishi ndani ya siku 60 tangu stetimenti yenye malipo hayo itumwe. Kwa safari iliyolipiwa mapema muda huo unaweza kuisha kabla hata kampuni haijatetereka, kwa hiyo ulizeni na kanuni za kadi yenyewe, ambazo mara nyingi zina muda mrefu zaidi.

Benki ikikukatalia, usikubali neno la simu. Andika malalamiko rasmi. Wana wiki nane za kutoa jibu la mwisho, na ukishalipata una miezi sita ya kulipeleka Financial Ombudsman Service, yaani msuluhishi huru wa migogoro ya wateja na benki, ambako hulipi hata senti. Na msidhani mambo ya zamani yamekwisha. Dai la kifungu cha 75 linaishi miaka sita England na mitano Scotland.

Binti wa mama mkubwa anaishi Glasgow. Mwaka 2022 alilipia safari ya kumpeleka mama yake Zanzibar, kampuni ikafungwa, naye akaisahau hela ile. Tulipozungumza baada ya Krismasi alichimba stetimenti zake na kukuta kianzio kilipita kwenye kadi ya mkopo, kwa jina lake, na mkataba ni wake. Hesabu yake inafika ukomo 2027. Benki ilimwambia kwa simu kuwa amechelewa. Wiki iliyopita tukawaandikia malalamiko rasmi, na wiki nane zao zimeanza kuhesabika.