Kutoka Ipogolo hadi Tunduma, Shule Zilipofunguliwa

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 27 Juni 2020, mimi na mpwa wangu tulikuwa Ipogolo, Iringa, tukisubiri basi la Mbeya, yeye amekalia sanduku lake la bati, mimi nimeshikilia godoro lililofungwa kwa kamba ya katani. Alikuwa anarudi shule ya bweni baada ya kukaa nyumbani zaidi ya miezi mitatu kwa sababu ya korona, kwa kuwa siku 11 kabla ya hapo Rais John Magufuli, alipokuwa akilifunga Bunge jijini Dodoma, alitangaza kwamba shule zote zifunguliwe Jumatatu ya tarehe 29. Wanafunzi wa kidato cha sita na wa vyuo walikuwa wametangulia tangu Juni 1. Dada yangu alikuwa amemtilia mtoto mkobani barakoa mbili za kitenge, tangawizi na malimao manne, na kwa jinsi alivyomkabidhi vitu hivyo, mtu angedhani binti anakwenda vitani.

Pale tuliposimama palikuwa na ndoo ya kunawia yenye koki, imewekwa juu ya kigoda cha chuma. Mwezi Aprili ndoo ile ilikuwa na kijana wa kuisimamia, na hakuna aliyepanda gari kabla ya kunawa mbele ya macho yake. Siku hiyo kijana hakuwapo, na nilipofungua koki yalitoka matone matatu. Sabuni ilikuwapo, imekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Tangu hapo nikajikuta nazitazama ndoo njia nzima, kwa sababu zilinieleza hali ya mambo kuliko tangazo lolote.

Kondakta alitupokea kwa ukali. Asiye na barakoa ashuke akanunue, na hakuna kusimama ndani ya gari. Tulipofika Mafinga barakoa yake mwenyewe ilikuwa imeshuka kidevuni. Tulipotoka Nyororo abiria watatu walikuwa wamesimama katikati, na nilipomkumbusha agizo la kubeba waliokaa tu, alinijibu kwa upole kwamba hao ni wa karibu, mzee, wanashuka Makambako hapo. Ni kweli walishuka Makambako. Wakapanda wengine watano.

Jambo moja lilinichekesha. Kuanzia Ifunda hadi Makambako ni nchi ya baridi, na mwezi Juni upepo wake hupenya hata sweta mbili, kwa hiyo katika kila kituo niliona wachuuzi waliofunika pua na mdomo kikamilifu, kwa barakoa, kwa skafu, kwa ncha za khanga, kiasi kwamba afisa wa afya angepita angeandika taarifa ya kuipongeza wilaya. Mama mmoja aliyetuuzia mayai ya kuchemsha dirishani nilimsifu kwa kujikinga. Akanitazama kwa mshangao. "Hii si ya korona, baba," akasema, "hii ni ya baridi." Ushahidi ulipatikana baadaye kidogo, tulipoteremka kuelekea bonde la Usangu, ambako jua la Igawa lilizivua barakoa zote zilizobaki garini, moja baada ya nyingine, na kufika Chimala nilibaki mimi na mpwa wangu tu, tena yeye kwa kuwa nilikuwa namtazama.

Kiti cha nyuma yetu mzee mmoja alikuwa na redio ndogo, na habari zilipotaja kwamba Uingereza itaruhusu baa zifunguliwe tarehe 4 Julai, mjadala ulizuka. Kijana mmoja alieleza kwamba Hispania imekwisha kuwafungulia mipaka Wazungu wenzake tangu Juni 21. Mwingine, ambaye kaka yake anafanya kazi Nairobi, alisema huko bado watu wanakimbizana na kafyu ya saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri, na kwamba hapo wamelegezewa, kwa maana mwanzoni ilianza saa moja. Shule za Kenya zilikuwa bado zimefungwa. Mzee akapunguza sauti ya redio, akauliza, "Kwa hiyo sisi tumeanza na watoto, Waingereza wameanza na baa?" Gari zima lilicheka, ila swali lake halikuwa la kipuuzi. Katika nchi yetu hesabu ya kitaifa ya wagonjwa ilikuwa imesimama kwenye 509 tangu Mei, na kwa kuwa haikuongezwa wala kupunguzwa, kila mmoja wetu alibaki na hesabu yake ya mtaani kwake, ambayo hakuitaja kwa sauti kubwa.

Shuleni Mbeya mambo yalikuwa makini. Mwalimu wa zamu alimwelekezea kila mwanafunzi kipimajoto kwenye paji la uso, na kando ya lango vilining'inia vibuyu chirizi vitano, vyote vina maji, vinavyokanyagwa kwa mguu ili mkono usiguse chochote. Tuliambiwa kwamba vitanda vimesogezwa mbalimbali na kwamba darasani watoto watakaa kwa nafasi ya mita moja. Mpwa wangu alisubiri mwalimu ageuke. "Mjomba, darasani tuko sabini," akaninong'oneza. "Hiyo mita tutaitoa wapi?" Sikuwa na jibu, nikamwongezea shilingi elfu tano.

Kesho yake niliendelea hadi Tunduma, mpakani na Zambia, kumwona shemeji yangu, ambaye ni wakala wa forodha. Njia ya Mbalizi, Mlowo na Vwawa ilikuwa ya kawaida, ila kabla hatujafika Mpemba tuliukuta msururu wa malori umesimama upande wa kushoto, madereva wakipika chini ya matrela. Mpaka huu ulikuwa umezinduliwa kuwa kituo cha pamoja tarehe 5 Oktoba 2019, na marais wa nchi zote mbili walikuwapo, ili gari likaguliwe mara moja badala ya mbili. Miezi saba baadaye, Mei 11, Zambia iliufunga baada ya wagonjwa kuongezeka ghafla Nakonde, mji wa upande wake, kisha ikaanza kuruhusu mizigo kidogo kidogo. Shemeji alisema siku zile za Mei Tunduma ilikuwa kimya hata wabadilisha fedha walicheza bao mchana kutwa.

Tunduma na Nakonde ni mji mmoja wenye serikali mbili. Wanyamwanga wako pande zote, na wapo wenye mama huku na shangazi kule. Tulipokuwa tumesimama karibu na njia ya waenda kwa miguu, nilimwona mwanamke aliyebeba mafuta ya kupikia akielekea Zambia, ambako barakoa hadharani ilikuwa amri. Hatua chache kabla ya kuvuka alitua mzigo, akaichomoa barakoa kwenye fundo la khanga, akaivaa, akajitwisha tena. Aliyekuja kutoka kule aliivua mahali pale pale. Hakuna kibao kilichowaonyesha. Shemeji hakuona ajabu yoyote. Alisema ndivyo wanavyobadilisha kwacha na shilingi pia.

Jioni tulikunywa chai na dereva mmoja aliyekuwa amelala usiku nne kwenye msururu, akipeleka mzigo Lubumbashi. Mapema mwezi huo alikuwa ametokea Afrika Kusini, na alitusimulia kwamba kule pombe imeruhusiwa tangu Juni 1, lakini ya kunywea nyumbani, tena inauzwa Jumatatu hadi Alhamisi pekee, na sigara haiuzwi kabisa. Zambia, alisema, mikahawa ilikuwa wazi na baa zimefungwa. Alizijua sheria hizo zote kwa kichwa, kama anavyozijua mizani za barabarani, na alichonung'unikia ni kwamba hubadilika akiwa njiani, hivyo huondoka Dar es Salaam na sheria moja akafika na nyingine. Alikuwa anawasha sigara yake ya pili pale utingo wake alipopiga mluzi. Akaizima, akaihifadhi nyuma ya sikio, akavaa barakoa na kukimbilia lori lake. Msururu ulisogea urefu wa matrela matatu, ukasimama, naye akarudi kuimalizia chai yake.