Hii "pick up" ya Kiingereza jamani

Jana niko kwenye daladala ya Mbagala, dada mmoja anaongea na simu, "njoo unipiki Rangi Tatu", nikajichekea mwenyewe maana zamani nilijua "pick up" ni kuokota basi, kama unavyookota shilingi mia chini ya siti, sasa mtu mzima anaokotwaje? Kumbe ndo kumpitia au kumfuata mtu, hata ukisema "collect" sawa ila inasikika kama unafuata mzigo bandarini. Simu ikiita ukapokea, pick up. Lugha ukiidaka mtaani bila darasa, pick up hiyohiyo. Biashara iliyododa ikianza kuchangamka, pick up tena. Na lile gari la kubebea tofali si ndo pikapu lenyewe!